Tunaotumia ARV na tunaishi penye mbu: malaria tunaikingaje?

NyotaYaZiwa (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Humu ndani kuna nyuzi nyingi za ARV: nani kanenepa, nani anakosa usingizi, nani virusi vimefubaa na sasa anataka kuzaa. Malaria hatuigusi. Tumeiachia watoto na wajawazito, na sisi watu wazima tukiumwa tunameza mseto siku tatu, maisha yanaendelea. Mimi ni mwelimishaji rika katika CTC (kliniki ya VVU tunakochukulia dawa) moja huku visiwani Ziwa Victoria, na mwenyewe natumia dawa miaka mingi. Kila msimu wa mvua naona wenzangu wanalazwa kwa malaria ambayo ingezuilika, ndiyo maana nimeamua kuandika. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kwanza, kwa nini sisi. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria mwili wake huwa umeizoea; anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shamba. Mazoea hayo yanategemea kinga ileile ambayo VVU inaishambulia. CD4, yaani zile seli za kinga, zikishuka, uwezo wa kupambana na malaria nao unashuka: unaumwa mara kwa mara, vimelea vinajaa zaidi, na hatari ya malaria kali inapanda. Upande wa pili, utafiti uliofanyika Malawi kwa watu ambao walikuwa hawajaanza ARV ulionyesha kwamba wingi wa virusi unapanda mtu akiugua malaria, kisha unashuka akishatibiwa. Kwa mjamzito ndiyo mbaya kabisa. Kwa kawaida mimba ya kwanza ndiyo ina hatari kubwa ya malaria, halafu mimba zinazofuata mwili unakuwa umejifunza kulilinda kondo la nyuma. Mama mwenye VVU anaweza kuikosa nafuu hiyo, akawa hatarini kwenye mimba ya nne kama alivyokuwa kwenye ya kwanza.

Sasa septrini, kile kidonge cha kinga tunachopewa pamoja na ARV. Wengi tunajua ni ya kuzuia nimonia na kuharisha. Ni kweli, lakini hiyohiyo inazuia malaria. Huko Tororo, mashariki mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watu wenye VVU hatua kwa hatua na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Walipopewa septrini peke yake, malaria ilipungua kwa asilimia 76. ARV zilipoongezwa ikawa asilimia 92. Vyandarua vyenye dawa vilipoongezwa, asilimia 95. Kazi kubwa pale ilifanywa na kidonge ambacho sisi ndicho tunakidharau.

Nasema tunakidharau kwa sababu ninakiona kwa macho. Mtu anatoka dirisha la dawa amepewa za miezi mitatu. TLD, yaani ARV zake zenye dolutegravir, anazitunza vizuri, wengine wanashindilia pamba ndani ya kopo lisije likalia njiani na kuwachongea. Septrini anaziacha kwenye benchi, au anampa jirani mwenye jipu. Ukimuuliza anakwambia, "Mimi nina afya, hizo ni za wagonjwa."

WHO mwaka 2014 ilisema wazi kwamba kwenye maeneo yenye malaria nyingi, septrini ianzishwe bila kuangalia CD4 na iendelezwe hata mtu akiwa amepata nafuu kwenye ARV. Nchi nazo zina miongozo yake, na baadhi zinaruhusu mtu kusimamishwa CD4 zikipanda. Kwa hiyo mtoa huduma akikusimamisha kwa sababu ameangalia faili lako, sawa. Ninachokataa ni kujisimamisha.

Cha pili ni chandarua, nitakieleza mkiuliza maana kina mambo mengi. Cha tatu ni jambo ambalo linanikosesha amani zaidi: kutomwambia anayekupa dawa ya malaria kwamba unatumia septrini na ARV. Tuanzie hapo au popote mnapotaka. Karibuni.

MvuviWaUsiku

Asante dada kwa uzi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, na ARV natumia. Usiku wa giza ndiyo kazi yetu, taa zinawaka ziwani mpaka alfajiri, mwezi ukiwa mkubwa ndiyo tunapumzika. Sasa unaniambia chandarua, mimi chandarua nalalia saa ngapi? Mchana kambini joto kama tanuri. Na nina swali ambalo kambini linabishaniwa kila siku: mbu akimuuma mwenye VVU halafu akamuuma asiye nayo, hamwambukizi? Maana malaria si anaibeba hivyohivyo?

NyotaYaZiwa

Kaka, nianze na la mbu kwa sababu nalisikia kila kambi. Hapana, mbu haambukizi VVU. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya mbu, kinakua kwa muda wa kama siku kumi hivi au zaidi, kisha kinahamia kwenye tezi za mate. Mbu akikuuma anakutemea mate, na kimelea kinaingia nayo. VVU haiwezi kuishi wala kuzaliana ndani ya mbu, inameng'enywa kama chakula kingine. Na mbu hakurudishii damu ya mtu aliyemuuma kabla yako. Ingekuwa anaambukiza, watoto wa shule za msingi huku kwetu wangekuwa nayo wote.

La kulala. Wewe ndiye mtu ambaye septrini inamfaa kuliko wote humu, kwa sababu inakulinda hata ukiwa ndani ya mtumbwi. Chandarua ni cha usiku ule unaolala nchi kavu, yaani mbalamwezi, na hizo siku si chache. Siku za kazi vaa mikono mirefu, suruali na soksi mnaposubiri kuingia majini jioni na mnaporudi kupanga dagaa alfajiri. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ipo madukani, paka kwenye vifundo vya miguu na mikononi.

Lingine, na usikasirike: ukihama kambi kwenda kisiwa kingine, chukua dawa za kutosha kabla hujaondoka na uende na kadi ya CTC. Wavuvi wengi wanaishiwa katikati ya msimu. ARV zikikatika, CD4 zinashuka, na malaria inakukuta huna kinga, huna septrini, na uko mbali na kituo.

MvuviWaUsiku

Sijakasirika dada. Hilo la kuishiwa ni kweli kabisa, kuna wenzetu hawasemi tu.

NyarSiaya

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya. Mambo haya ni yetu pia. Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, ukiangalia ramani ya malaria na ramani ya HIV unaona ni kaunti zilezile.

Naongezea kwa habari ya septrini. Huko Homa Bay kulifanyika utafiti, matokeo yakatoka 2016. Walichukua watu 500 ambao wamekaa kwa ARV muda mrefu na CD4 zao ziko juu, yaani watu wazima wenye afya kama hao unaosema wanaacha dawa kwa benchi. Nusu wakaendelea na septrini, nusu wakaacha. Malaria karibu yote ilitokea kwa walioacha: 33 kwa 1. Mimi nilipoelezwa hizo namba na daktari wetu nilirudi nyumbani nikaanza kumeza bila kusukumwa.

Pia watoto wetu, hata wenye virusi, wanaweza kupata chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa Homa Bay Septemba 2019. Kuna akina mama waliogopa kwamba mtoto mwenye HIV hawezi kuchanjwa, kumbe WHO inasema apewe. Chanjo haimalizi malaria, neti inabaki palepale.

BintiWaMakete

Shikamooni wakubwa. Mimi naandika kutoka Makete, mkoani Njombe. Huku kwetu baridi, mbu wa malaria tunawasikia tu redioni. VVU ndiyo shida yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulitoa asilimia 12.7 ya watu wazima kuwa na VVU kwa mkoa wa Njombe wakati taifa zima ni 4.4. Sasa kila mwaka kuna watu huku wanashuka kwenda kulima mpunga Kilombero, wanakaa huko miezi. Baba yangu mdogo anatumia ARV, alishuka akarudi amebebwa, malaria imempanda kichwani. Alisalimika kwa neema ya Mungu. Sasa anasema anashuka tena. Nimshauri nini?

NyotaYaZiwa

Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa baba mdogo.

Umesema jambo zito ambalo sikuligusa mwanzo. Mtu aliyekulia baridi hana yale mazoea ya malaria niliyoyaeleza juu. Baba yako mdogo ana mambo mawili kwa pamoja: VVU, na mwili usioijua malaria. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema "nikiumwa nitatibiwa", kwa sababu kwake homa ya asubuhi inaweza kuwa malaria kali kufika kesho yake.

Mshauri hivi. Kabla hajashuka aende CTC yake aseme wazi: naenda Kilombero kulima, nitakaa muda fulani. Wamuangalie CD4 na wingi wa virusi, wampe ARV za muda wote huo, na waamue kuhusu septrini wakijua anakwenda kwenye malaria. Huko Makete wanaweza kuwa walimsimamisha kwa haki kabisa, maana malaria hakuna, lakini safari inabadilisha hesabu.

Aende na chandarua chake kutoka nyumbani, asitegemee kukikuta. Na hiki kinahusu mahali atakapolala. Kilombero mpunga ukianza kukomaa watu wanahamia shambani kulinda ndege, wanalala kwenye dungu. Dungu lina nguzo nne, kwa hiyo chandarua cha pembe nne kinafungika vizuri kuliko cha duara ambacho kinahitaji ndoano juu ya dari. Mwambie achomekee pindo chini ya mkeka pande zote. Watu wengi wanakifunga kikaning'inia, na upepo wa bondeni ukivuma usiku kinafunuka.

Na akiwa na homa asisubiri siku ya pili. Aende apimwe.

Mfamasia_Mkweli

Wakuu, mimi nipo dirishani upande wa pili, natoa dawa. Naomba nichangie kwenye kile mleta uzi alichokiita jambo la tatu, kwa sababu madhara yake nayaona mimi.

Septrini ina vitu viwili ndani, kimoja ni salfa. SP, ambayo wazee wanaijua kama Fansidar, nayo ina salfa. Zinaishambulia malaria kwa njia inayofanana. Ukizitumia pamoja hupati kinga mara mbili, unapata hatari mara mbili: upele mkali, ngozi kubabuka, vidonda mdomoni na machoni. Ni nadra, lakini ikitokea inaua. Ndiyo sababu mwongozo unasema mjamzito mwenye VVU anayetumia septrini kila siku HAPEWI SP ya wajawazito. Septrini yake ndiyo kinga yake. Yule ambaye hatumii septrini kwa sababu yoyote, huyo anapewa SP kama wengine.

Matibabu. Mseto wa ALu na TLD vinakwenda pamoja bila shida, msiogope. Mtu mzima anameza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni. Meza na chakula chenye mafuta, hata kikombe cha maziwa au kipande cha chapati, kwa sababu dawa hii bila mafuta inaingia kidogo mwilini. Wale wachache ambao bado wanatumia ARV yenye efavirenzi wamwambie mtoa dawa, kwani efavirenzi inapunguza kiwango cha dawa ya mseto kwenye damu na malaria inaweza kurudi. Arudi kupimwa homa ikirejea. Mseto wenye amodiakwini haufai kwa mwenye efavirenzi wala mwenye zidovudini, ambayo nayo ni ARV.

ARV msizisimamishe kwa sababu ya malaria. Nawaomba sana. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi useme.

Kimya_Kimya

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Nina mimba ya miezi mitano. Nilikutwa na VVU kwenye kliniki, nimeanza ARV na septrini. Mume wangu anajua na ananisaidia. Kwao hawajui.

Siku ya kliniki wajawazito tunakaa kwenye mabenchi marefu. Muuguzi anapita na ndoo ya maji na kikombe, unapewa vile vidonge vitatu vya SP unameza palepale anakuona. Wifi yangu ndiye ananisindikiza, anakaa karibu yangu kabisa, yeye mwenyewe alizaa mwaka jana anajua kila kitu kinavyokwenda. Kliniki iliyopita wifi hakuwepo, muuguzi alinipita kimya kimya. Safari hii wifi atakuwepo. Nisipopewa atauliza mbele za watu. Nimewaza sana niimeze tu ili yaishe, ni siku moja tu. Nimesoma alivyoandika mfamasia nimeogopa. Nifanyeje?

NyotaYaZiwa

Mdogo wangu, asante kwa kuandika. Usiimeze. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wewe si mmoja, mabenchi hayo nayajua.

Muuguzi tayari anajua. ARV zako unazichukua hapohapo kliniki ya wajawazito, na kwenye kadi yako kuna alama anazozisoma yeye. Kwa hiyo huna siri ya kumfichulia, una ombi tu la kumpa. Kabla ya siku hiyo, nenda peke yako, au kama una namba yake mpigie, umwambie: nitakuja na wifi yangu, hajui hali yangu, naomba nihudumiwe ndani. Vipimo vya uzito na presha vinakupa sababu ya kuingia chumbani. Ukiwa ndani mlango umefungwa, wifi hajui umemeza nini au hujameza nini. Wauguzi wengi ukiwaeleza namna hiyo wanakusaidia vizuri, kwa sababu wakiwa na watu themanini mbele yao hawakumbuki kwamba kumpita mtu mmoja na kikombe ni kumtangaza.

Kama haikuwezekana na wifi akauliza, jibu fupi: "Wameniambia dawa hiyo kwangu haifai." Basi. Wajawazito wengine pia hawapewi kwa sababu zao. Kuna mwanamke kwenye kikundi chetu yeye husema ana mzio wa salfa, na watu wanaelewa haraka.

Sisi waelimishaji rika tumekuwa tukiomba vituo vimpe kila mama dawa yake ndani ya chumba, wa SP na asiye wa SP, wote mlango mmoja. Haina gharama yoyote. Kituo chetu kilikubali. Natamani kila kituo kifanye hivyo, kwa sababu kuna mama anayeweza kubabuka ngozi kwa kuogopa jicho la jirani tu.

Mfamasia_Mkweli

Naungana na dada kwenye yote isipokuwa hilo la mzio wa salfa. Tafadhali msilitumie. Neno hilo likisikika na mhudumu mwingine ambaye hakujui, anaweza kuliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu. Kuanzia siku hiyo utanyimwa septrini pia, na ukibaki bila septrini na bila SP, mimba haina kinga ya dawa kabisa. Semeni "haifai kwangu" kama alivyoandika mwanzo, inatosha.

NyotaYaZiwa

Sawa kabisa, mfamasia. Kimya_Kimya, shika la mfamasia.

Kimya_Kimya

Asanteni. Nitampigia muuguzi, namba yake mume wangu anayo. Swali moja: mtoto akizaliwa naye atakunywa septrini?

Mfamasia_Mkweli

Ndiyo, mama. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anaanza septrini akiwa na wiki 6, na anaendelea mpaka ithibitike kwa vipimo kwamba hana maambukizi baada ya kuacha kunyonya. Hiyo ni tofauti na ile dawa ya ARV anayopewa tangu kuzaliwa. Na katika muda huo septrini inamkinga na malaria pia. Chandarua ulichopewa hudhurio la kwanza mlale wote wawili.

NyarSiaya

Dada mjamzito, pole na hongera kwa wakati mmoja. Nikutie moyo kwamba wanawake kama wewe hawajasahauliwa. Hapa magharibi mwa Kenya na Malawi walijaribu kuwapa wajawazito wenye HIV, wanaotumia dawa ya dolutegravir na septrini, dawa nyingine ya malaria kila mwezi juu yake, ile inaitwa DP. Matokeo yalitoka 2024: maambukizi ya malaria yalipungua kama theluthi mbili ukilinganisha na septrini pekee. Kabla yake walijaribu meflokwini Kenya, Tanzania na Msumbiji, malaria ilipungua lakini virusi kwenda kwa mtoto vikaongezeka, wakaiacha. Ndiyo maana hakuna mtu anafaa kujiongezea dawa ya malaria mwenyewe akiwa na mimba, hata kama ni nzuri kwa wengine.

Mzee_wa_Nzega

Nawasoma. Tabora ndiyo inaongoza kwa malaria nchini, tumezoea kuumwa. Mimi natumia majani ya artemisia nimepanda uani, nachemsha kila asubuhi na jioni. Tangu nianze sijaugua. Kwa nini hamwambii watu kuhusu hii? Dawa za hospitali na hii zina asili moja.

Mfamasia_Mkweli

Mzee wangu shikamoo. Ni kweli dawa ya mseto asili yake ni mmea huo. Lakini kidonge kina kipimo kinachojulikana, na kimeambatanishwa na dawa ya pili inayomalizia vimelea vinavyobaki. Chai ya majani kiwango chake kinabadilika kila sufuria. Vimelea vikionja dawa kidogo kila siku vinaweza kujifunza usugu, na usugu ukiingia Tabora tutakosa cha kuwapa wajukuu wako. WHO haishauri kuitumia kwa kinga wala kwa tiba. Kama unatumia ARV, mwambie mtoa huduma wako kwamba unakunywa chai hiyo, asije akashindwa kuelewa vipimo vyako. Simdharau mtu kwa mmea, ninachoomba ni asiache septrini na chandarua kwa ajili yake.

Mzee_wa_Nzega

Marahaba. Nimekusikia. Nitauliza tarehe yangu ikifika.

Fundi_Geita

Mleta uzi uliahidi chandarua. Sisi hapa nyumbani tunavyo, lakini mbu wamo ndani kama kawaida. Dawa yake imekwisha au?

NyotaYaZiwa

Nilikuwa nasubiri swali hili.

Mbu wa Kanda ya Ziwa wamekuwa sugu kwa dawa iliyozoeleka kwenye vyandarua. Hili limepimwa hapahapa kwetu. Muleba, mkoani Kagera, walilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezewa kemikali ya PBO, ambayo inavunja nguvu ya usugu wa mbu; vyenye PBO vikafanya vizuri zaidi. Baadaye Misungwi, Mwanza, wakajaribu vyenye dawa mbili tofauti, matokeo yakatoka 2022, na visa vya malaria kwa watoto vilipungua kwa asilimia 44 hivi katika miaka miwili ukilinganisha na vyandarua vya zamani. WHO ikavipitisha 2023. Kwa hiyo ukisikia ugawaji, nenda kachukue kipya hata kama cha zamani hakijachanika, na soma lebo yake.

Hata hivyo cha zamani usikitupe kabla ya kupata kipya. Hata dawa ikiisha bado ni ukuta, ili mradi hakina matundu. Fundi wewe una uzi na sindano, ziba. Fua kwa sabuni ya kawaida, usiloweke kwenye sabuni kali ya unga, na uanike kivulini. Jua linaua dawa. Nikipita ufukweni naona vyandarua vipya vimetandikwa chini, dagaa wameanikwa juu yake kwenye jua kali. Vimetoka kwenye mfuko siku hiyohiyo. Inauma sana, maana nyumba ya jirani na hapo kuna mtu namjua ana CD4 za chini analala bila kitu.

Na wanaolala chini kwenye mkeka, hasa watoto na wageni: chandarua kikifungwa juu sana pindo halifiki chini. Shusha kamba.

Asha_Bandari

Samahani, je wanaoambiwa septrini hakuna? Kituo chetu mara kwa mara wanasema imeisha, kanunue duka la dawa. ARV zipo. Baada ya misaada ya Marekani kusitishwa Januari 2025 wasiwasi ukazidi, watu wakaanza kugawana.

NyotaYaZiwa

Dada Asha, kugawana ndiyo kubaya, maana wawili mnakunywa nusunusu na hakuna anayekingwa. Septrini ni dawa ya bei ya chini, na inapatikana kwenye maduka ya dawa muhimu. Kama una uwezo nunua ile ya kwako ya mwezi, uonyeshe kadi, uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi. Dozi ya kinga ya mtu mzima ni miligramu 960 mara moja kwa siku, yaani vidonge 2 vya 480. Wasio na uwezo, semeni kwenye kikundi chenu, na viongozi wenu wa WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wapeleke hoja kwa mganga mfawidhi kwa maandishi. Kwetu tuliandika barua, tukaweka idadi ya watu waliorudishwa bila dawa mwezi ule, na tulijibiwa. Malalamiko ya benchini hayafiki popote.

Wakati unasubiri septrini, chandarua usikiache hata usiku mmoja.

BintiWaMakete

Nimemsomea baba mdogo uzi wote kwa simu. Amekubali kwenda CTC kabla ya kushuka. Ameuliza kitu kimoja: yeye pia yuko kwenye dawa za TB, mwezi wa tatu sasa. Kuna shida?

Mfamasia_Mkweli

Ipo, na ni vizuri ameuliza. Dawa za TB zina rifampisini, ambayo inaharakisha mwili kuzitoa dawa nyingine. Ndiyo maana bila shaka kliniki imemwongezea kidonge cha dolutegravir cha kumeza saa 12 baada ya TLD. Aangalie kwamba anacho cha kutosha kwa muda wote atakaokuwa shambani. Rifampisini hiyohiyo inashusha pia kiwango cha mseto wa ALu kwenye damu, kwa hiyo akiugua malaria huko, mseto unaweza usimtoshe. Amwambie anayempima: "Natumia ARV, septrini na dawa za TB." Atibiwe kituo cha afya, si dukani, na arudi kupimwa hata kama homa imeshuka. Na homa kwake si lazima iwe malaria. Kipimo kikionyesha hana, wasimpe mseto wakamrudisha dungu, waendelee kutafuta.

Kama anaweza kuahirisha safari mpaka amalize dozi ya TB, mimi ningemshauri aahirishe. Mpunga wa mwaka huu alimiwe na vijana.

BintiWaMakete

Amesema ataahirisha. Mama mdogo ndiye atakayeshuka na kaka, na chandarua wanakwenda nacho.